Orodha Uliyoomba

Umeniandikia, bwana mkusanyaji,
unataka orodha kamili:
jina la kitabu, mwaka, rangi ya jalada, hali yake.
Haya. Nimefungua kabati.

Vipo kumi na tisa.
Vilikuwa thelathini na kimoja
siku Shangazi Mwanakheri alipovinunua mnadani,
kampuni ya mkonge ilipofunga ofisi zake Ngomeni
ikauza kila kitu, mizani, kengele, meza ya meneja.
Wanaume waligombea feni.
Yeye, mpiga taipu, alinyoosha mkono kwenye kreti
iliyopigwa misumari pande zote
akidhani ni sahani.

Mwandishi ni mmoja, vyote. Mmarekani
wa zama za kola ngumu na taa za gesi.
Mtu huyu hakuacha kitu.
Kaandika kuhusu kuku. Kuhusu jiko lisilokubali kuwaka.
Kuhusu mama mkwe aliyekuja kwa siku tatu
akaondoka baada ya mavuno.
Kuhusu maumivu ya kiuno chake mwenyewe, juzuu mbili.
Kuna mwaka katoa vitabu vinne;
nadhani alikuwa anadaiwa.

Jalada: jekundu, lililokuwa jekundu.

Hali, hapo niwe mkweli.
Mchwa wa Ngamiani hawasomi kama sisi,
wanaanzia nyuma.
Wamekula miisho.
Mtu yuko juu ya ngazi, mbuzi yuko chini,
mke anaita dirishani, ukurasa unageuka,
na vumbi laini linakumwagikia mapajani.

Shangazi hakujali.
Barabara ya Kumi na Tano, kibarazani,
karai la bajia likipoa,
alisoma kwa sauti, Kiingereza kikiingia machoni
na Kiswahili kikitoka mdomoni,
na akifika penye shimo
hainui uso, hapunguzi mwendo,
anavuka kana kwamba daraja lipo.
Mbuzi akawa wa Shekigenda, fundi baiskeli,
ambaye alikuwa amekaa palepale, akakana.
Mama mkwe akashuka na treni ya Moshi
na mikungu miwili, na jogoo
anayewika kila mtu akitaja pesa.
Tulicheka mpaka Bi Sikudhani akashika nguzo,
akaomba arudiwe tena mwisho ule.
Shangazi akarudia. Ukawa mwisho mwingine.

Hata kwenye hitima yake,
pilau likiwa bado motoni,
mtu akakohoa tu, akawika kama jogoo, polepole.
Sitamtaja. Shehe mwenyewe aligeukia ukutani
mabega yakimtetema.

Mwaka juzi mgeni akaniletea nakala nzima
ya kile cha kuku, haijaguswa na mdudu.
Nikakisoma usiku, mlango nimefunga.
Kwa Mmarekani, kuku anauzwa.
Basi. Anauzwa, mke ananuna, mwisho.
Nilikifunga haraka, kama mtu aliyefungua mlango
akamkuta mzee wa watu hajavaa meno.
Si kosa lake. Labda kwao,
mwaka ule, kwa bei ile ya kuku,
watu walianguka vitini.

Kwa hiyo orodha yako inanisumbua.
Kumi na tisa, andika.
Vingine kumi viliazimwa, na Tanga tunavyojuana
ukidai kitabu unaonekana mchoyo.
Kimoja kilifungia bajia, kurasa baada ya kurasa,
wateja wakawa wanadai karanga za bure
kwa kuwa hadithi haikuisha.
Na kimoja kimezikwa naye; usiniulize,
waliomkafini wanajua.

Lakini safu ya mwandishi
nimeiandika kwa penseli, nikaifuta,
nikaandika tena, karatasi imeanza kutoboka.

Bei zako nimeziona. Ni nzuri.
Lete gari, uchukue hata kabati.
Ila cha kuku, kile chenye mchwa,
hicho siuzi.
Bado hawajakimaliza.