Q Amepata Kazi

Tarakilishi yangu ni ya mtumba. Niliinunua Luthuli
kwa elfu kumi na moja na maneno mengi.
Betri ilikufa kitambo; inaishi kwa waya,
na waya wenyewe una maringo:
uupinde kushoto, uukaze kwa lastiki ya kufungia noti,
uuegemeze kwenye mkebe wa majani,
halafu usipumue sana.

Chini yake nimeweka vizibo vinne vya soda
ili upepo upite, maana hupata homa.
Na kila sentensi, kabla hata ya nukta,
kidole kinakimbilia kuhifadhi.
Tokeni za stima hapa Umoja haziagi mtu.

Yote hayo niliyazoea.
Lakini A?

Nduku alimwaga chai mwezi wa tatu.
Tulifanya yapasayo: tukachomoa waya,
tukaipindua kama hema juu ya taulo,
siku mbili hatukuigusa.
Ingekuwa strungi kavu tungepona.
Ilikuwa ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari,
na sukari ikaichagua A, ikalala hapo.

Sijui wenye lugha nyingine wangepoteza nini.
Sisi bila A ni vibogoyo.
Maji yaligeuka mji.
Kiatu kikawa kitu tu.
Nilikuwa naandika kijitabu cha mazishi.
Syombua ikatoka Syombu,
kama anaitwa na mtu aliyekatika pumzi,
na Mama
ikatoka Mm.

Niliitazama sana hiyo Mm.
Ndivyo alivyoitika, hasa, pini zikiwa mdomoni,
akishona sare za watoto wa watu.
Mama, nimefika. Mm.
Mama, karo. Mm.
Mama, kuna mvulana.
Mmm, yenye mlima katikati.

Usiku wa kwanza nilikopa A.
Niliitoa kwenye notisi ya mwenye nyumba,
ile ya kupandisha kodi (alikuwa nazo tele),
nikainakili, nikawa naibandika moja moja
kila nilipoihitaji,
kama mtu ajazaye pipa kwa kizibo.
Aya moja, saa nzima.

Kerubo wa mlango wa pili alirudi kutoka zamu ya hospitali,
viatu mkononi, akachungulia bega langu.
“Kwani Q anafanya nini humu?”

Nikafikiri. Q hafanyi chochote.
Kiswahili hakimjui, Kikamba hakimjui,
yeye na X wamekaa tu pale pembeni
kama vijana wenye vyeti.
Kerubo akashusha kiprogramu
kwa bando lake la usiku, dakika kumi kabla halijaisha,
akamwambia Q: kuanzia leo wewe ni A.
Kisha akachukua rangi ya kucha, nyekundu,
akamchora jina jipya kichwani.
Akaenda kulala bila kunywa chai. Sikumlaumu.

Q hajalalamika tangu siku hiyo.
Ameandika alizaliwa.
Ameandika alishona, alisamehe, aliacha.
Wajukuu saba amewapanga kwa umri
na hakumruka hata mmoja.
Siku mbili za mwanzo kidole kilimpita,
kikagonga kaburi la jirani yake,
kikarudi.

Nilipomaliza niliigeuza pidiefu
ili herufi zisihame njiani,
nikajitumia kwa barua pepe, nikaiweka na kwenye flashi,
kwani saiba ya chini ina siku zake,
na mazishi hayangoji mtandao.

Nduku alisoma nakala ya kwanza
akiwa amesimama kando ya mashine,
karatasi ingali na joto.
“Ukurasa wa tatu,” akasema, “chini ya picha.
Umesahau A mbili.”

Mm, nikasema.