Nilirudi Saa Nne ya Usiku

Dalali Shekuwe alinionyesha nyumba saa nne asubuhi,
saa ambayo mtaa wowote ni mtaa mwema:
jua limefagia, watoto wako shule,
paka wamelala chini ya gari lisilo magurudumu.
Akagonga ukuta kwa pete yake. "Sikia mawe hayo!"
Akafungua bomba. Maji yakatoka.
Baadaye, peke yangu, nikamuuliza mwenye duka.
Alicheka hadi akashika mizani.
"Jumanne na Ijumaa, dada. Na Ijumaa yenyewe si kila Ijumaa."

Nina miaka kumi na tisa ya zamu za usiku
katika wodi ya wazazi,
kila mwezi nikikata kidogo nikitia chamani
hadi madalali wakaanza kuniita bibi.
Kwa hivyo sinunui vyumba.
Nanunua njia:
kutoka stejini hadi mlangoni,
funguo mkononi, kiatu kinabana,
na Mwanasha wangu, miaka mitatu ijayo,
akirudi tuisheni peke yake.

Mtaa wa Kizingo ulikuwa na geti, askari na kamera.
Kamera ilinitazama nikipita, haikuniamkia.
Askari amelala, redio yake inatangaza mpira.
Bei nayo ilinitazama.

Wa Mtopanga ulikuwa na bei ya kubembeleza,
lakini mvua ya Mei ilipokuja nilivaa mabuti nikaenda:
maji yamepanda ngazi mbili,
yamekaa sebuleni kama wageni wa harusi,
viti viko juu ya meza.
"Ni mara hii tu," Shekuwe akaniapia simuni.
Ukutani palikuwa na mistari minne ya matope ya zamani.
Kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Ukabaki huu, kichochoro nyuma ya Tononoka,
nyumba bila ardhi, kama nyingi za kwetu:
kuta zako, mchanga wa mwenyewe,
na kila mwezi umpelekee chake.
Unanunua kofia, kichwa ni cha mtu.
Nililijua hilo. Nikarudi saa nne ya usiku.

Hatua mia mbili na kumi na sita.
Taa ya kwanza inawaka.
Ya pili huwaka ikitaka.
Ya tatu ni nguzo tu, imefungwa kamba ya kuanikia nguo,
na kutoka hapo ni giza, hatua arubaini.
Nikajiambia kama ninavyowaambia wanawake wangu:
pumua, mama, pumua, bado kidogo.

"Nani huyo?"

Moyo ukaniruka. Kumbe ni mwanamke kibarazani,
karai la viazi mbele yake, makaa yanamulika kidevu.
"Wamtafuta nani?"
"Natafuta nyumba."
"Usiku huu?"
"Usiku ndio nitakaokuwa nikirudi."
Akanitazama. Akageuza viazi.
"Basi ukifika kwenye nguzo sema jina lako, kwa sauti.
Taa ile tumeiandikia barua mpaka mwandishi wetu akafa.
Sasa tunatumia majina."

Juma lile nilipita mara tatu.
"Zamzam!" nikasema gizani, kama mwendawazimu.
Mlango mmoja ukajibu, "Pita, mama."
Dirisha likakohoa.
Mzee mmoja akaniita Zainabu, nikaitika.

Nyumbani nilimweleza Mwanasha.
Akainua uso kutoka kwenye daftari.
"Mama, mimi? Nipige kelele jina langu njiani?"
"Arubaini tu, mwanangu. Hatua arubaini."
"Nitakufa kwa haya."
Sikumjibu. Nimeona watu wakifa kwa mengine.

Jumatatu nakwenda benki.
Shekuwe atapata nusu.
Nusu ya pili nitampa mvua za vuli zikishapita,
nikiwa nimesimama mlangoni, mabuti miguuni,
nikitazama maji yanaelekea wapi.