Safu ya Alhamisi

Miaka kumi na tisa, ukurasa wa nane,
Zuweina aliandika bei ya nguru Matrah,
mashimo ya barabara,
mkurugenzi asiyepokea simu.

Kisha televisheni ikamwita. Poda, taa,
kiti kinachozunguka;
akajifunza kucheka kabla mgeni hajamaliza.

Huko Al-Khoudh mamake, mzawa wa Tabora,
Kiarabu cha habari hakimwingii.
Sauti huizima, hutazama midomo tu.
“Leo umesema uongo.
Mara mbili umelamba mdomo.”

Zuweina hakubisha. Alivua viatu,
akatandaza gazeti la zamani sakafuni,
wakapembua mchele,
chuya kando, mashimo ya barabara
yakichungulia kati ya chembe.

“Huyu,” akasema mama, akiipangusa picha,
“alikuwa hajui kucheka.”