Kumi na Nane kwa Mia

Julai imeishika Nairobi kwa kucha.
Kutoka dirisha la maabara, Upper Hill haina kilele,
ukungu umekula majengo hadi ghorofa ya nne.
Mmbone yumo ndani ya sweta mbili,
moja ya shule asiyosoma:
mamake hufuma Kangemi, na yenye dosari haiuzwi, huvaliwa.

Nimemtoa damu, kijiko kimoja. Hakulia.
Miaka tisa, na anakunja mkono mwenyewe,
ananionyesha mshipa ulio mzuri.

"Daktari alisema dawa inaamsha kitu," anasema mama.
"Kitu gani kilikuwa kimelala?"

Mimi ni mpimaji tu. Lakini mashine bado inazunguka,
na swali limenikalia mbele kama mgeni.

Mama Mmbone, kila seli ya mwanao
ilianza na sanduku lote la paterni:
ya kucha, ya machozi, ya unywele.
Seli ya jicho inayo paterni ya kucha. Haiifumi.
Haijaisahau. Imeizungusha kwenye kibiringo, ikaikaza,
ikaibandika alama ndogo: *bado*, au: *basi*.

Paterni yenyewe haitoki chumbani.
Hunakiliwa upesi kwenye karatasi hafifu,
nakala ndiyo huenda kwa wafumaji,
nao husoma herufi tatu tatu,
wafume, wafume, hadi karatasi ichanike.
Anayetaka zaidi na aagize tena.

"Kama sweta za Januari," anasema.
"Agosti nikizifuma nitalala njaa."

Ndiyo. Sasa, alipokuwa tumboni
damu yake ilifumwa kwa paterni nyingine,
yenye mvuto, ya kunyakua hewa kutoka kwa damu yako.
Akazaliwa. Miezi ikapita.
Protini fulani, mlinzi asiye na ubaya,
akaja akaikalia ile paterni: kazi yako imekwisha.
Ikafunguliwa ya wakubwa, na humo
herufi moja, moja tu,
ilikuwa imekosewa.
Wewe una mbovu moja na nzima moja. Baba yake vilevile.
Yeye aliangukiwa na mbovu zote mbili.
Basi chembe zikikosa hewa hujikunja mundu,
na baridi kama hii huzituma mavunoni ndani ya mifupa.

Dawa hairekebishi herufi, nisikudanganye.
Namna inavyofanya, hata wakubwa wangu hawajaafikiana.
Ila mlinzi husogea kidogo,
na ile ya tumboni hufunguka ukingo.

Ananyamaza. Vidole vyake vinahesabu vifundo visivyokuwapo.
"Shali," anasema. "Shali yake ya kwanza, ya manjano.
Paterni ninayo, chini ya magunia ya nyuzi.
Miaka tisa sijaigusa."

Mashine inalia.
Januari ilikuwa nne kwa mia. Leo, kumi na nane.

Simwambii mengine ninayoyajua:
kwamba chembe nyekundu, kabla ya kuingia mtoni,
hukitupa kiini chake, sanduku na vyote,
ikaondoka na kile tu ilichofumiwa.
Kwake haina kurudi kubadilisha.

Mama anaisoma karatasi mara mbili, anaikunja,
anaitia kifuani.

"Zimebaki themanini na mbili," anasema Mmbone,
aliyefunzwa kutoa wiki iliyopita,
akivuta mkono wa sweta hadi ufunike pamba.