Unga wa Njano

Mama aliununua kwa kilo,
ukiwa umefungwa katika karatasi ya kahawia.
Kwetu Michoacán tuliuita greta:
risasi iliyounguzwa mpaka ikawa vumbi,
njano kama ganda la limau,
laini kuliko poda ya mtoto,
lakini ukiteka konzi moja, mkono unashuka.

Nana Ubalda aliukoroga bila glavu,
akachovya vyungu, akavipanga tanuuni.
Kuni za msonobari, usiku kucha.
Haudai moto mkali, ndiyo sifa yake:
huyeyuka mapema, hutandaa, huwa kioo,
na alfajiri bakuli linakuonyesha meno yako.

Tukapika humo maharage, nyanya,
tukakamulia limau.
Uchachu ukalamba kioo,
kioo kikakaa nasi mezani.

Ndugu yangu Anselmo hakusahau kwa mkupuo.
Kwanza saba mara nane.
Kisha jina la mbwa wetu.
Nesi alimtoboa kidole, akaandika namba,
akaikata, akapima tena.

Risasi hii haina mlio.

Sasa napaka rangi ya boroni.
Inakula kuni, na haing'ai vile.
Wateja wanageuza bakuli juani:
"Zile za zamani huna?"

Nyuma yangu Mama anapangusa meza
kwa kitambaa kibichi, kamwe si kwa ufagio,
maana vumbi likirushwa huingia kifuani.
Anapangusa, anakamua, anapangusa.
Unga haujaingia nyumba hii mwaka wa tisa.