Kiwiko cha Ndahani

Jua la Dodoma lina adabu mpaka saa tatu.
Baada ya hapo linakujia usoni kama mdai,
bibi harusi anafinya macho, poda inageuka uji,
nami namwambia Ndahani: inua.
Naye anainua.

Kiakisi chetu ni kinga-jua ya gari,
aliiokota gereji ya Kizota, imepinda pembeni,
upande mmoja una tangazo la benki, la kijani.
Ukikosea kugeuza, bwana harusi anaota shavu la kijani.
Tuligundua hilo kwenye albamu ya tatu,
na mwenye shavu alikuwa ameshalipa.

Jumatatu ni pasipoti.
Kitambaa cha bluu alikishona Mazoya wa Majengo,
kina mkunjo mmoja usiosikia pasi wala maombi.
Vijana wanaotafuta kazi wanakuja na shati moja,
wanapokezana nyuma ya pazia,
huyu anafunga vifungo, yule anabaki na fulana yake.
Nimelipiga shati lile mara kumi na moja.
Kola yake naijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu.

Mwezi wa kumi na moja, mahafali ya Chimwaga.
Joho la kukodi linarudishwa saa nane kamili,
upepo unataka kofia, kila mtu anataka ngazi zilezile.
Mama mmoja wa Mpwapwa akafika na kuku kwapani.
Mbukwenyi, akasema, mnipige na huyu.
Binti yake akaona aibu, akavuta pindo la joho.
Mama hakusogea:
Mama wa kuku huyu ndiye aliyelipa ada.
Ndahani akainua kiakisi,
akamwangazia na kuku.

Jumapili isiyo na mteja tunakwenda Hombolo,
mshikaki juu ya pikipiki ya Mazoya,
kamera tumboni mwangu kama mtoto wa miezi saba.
Zabibu zilikuwa bado chungu.
Nilipiga mikono ya mchumaji, Ndahani akatazama kiooni,
akasema, umelenga majani, mikono imepotea.
Hatukusemeshana mpaka Ihumwa.
Pale Mazoya akanunua chipsi sahani moja, vijiti vitatu,
na mtu mwenye njaa hawezi kununa kwa kijiti.
(Ni kweli, nililenga majani.
Ile picha ninayo bado.)

Juni, upepo ukaja na vumbi lake jekundu,
na Ndahani akaja na fomu.
Kapata kazi ya reli, Tabora.
Wanataka picha nne, mandhari ya bluu, mdomo ufungwe.

Akaketi kwenye kigoda, mbele ya mkunjo.
Nikakiegemeza kiakisi kwenye ndoo, upepo ukakiangusha.
Nikakiegemeza tena.
Nikatazama ndani ya lenzi, nikaona mkono wake uko juu,
umeinuka wenyewe, umeshika hewa.
Shusha, nikamwambia.
Akashusha. Ukapanda.
Shusha, Ndahani.
Mdomo nao ukakataa kufungwa;
tulitumia dakika arobaini kwa kazi ya dakika mbili.

Usiku nikafungua kompyuta, miaka sita.
Harusi, ubarikio, vitambulisho, msiba wa Nkuhungu.
Nilimtafuta, nikapata kiwiko.
Kiwiko pembeni mwa keki. Kivuli cha goti kwenye zulia jekundu.
Vidole vinne juu ya kichwa cha diwani.
Uso wake, hakuna,
isipokuwa mmoja mdogo mno
ndani ya mboni ya jicho la yule kuku.

Alilipa elfu tatu. Nilikataa,
akaiacha noti chini ya ndoo.

Jumamosi nilikuwa na harusi Ipagala.
Mpwa wa Mazoya kashika kiakisi, kijana msikivu, mkono mwepesi.
Nikasema, inua. Akainua
upande wa benki.
Mazoya akanitazama.
Nikabonyeza.