Sura ya Nne

Sinunui vitabu nivisome, nakiri.
Nanunua nyuso zake:
simba mwenye kope za bibi harusi,
treni ya makaa inayopinda pasipo reli,
mtoto mwenye vidole sita mkono wa kushoto
kwa kuwa mchoraji alikuwa na haraka, au njaa.

Wauza karanga wa Isevya wananijua.
Huniwekea majalada kando,
maana karatasi ngumu haikunjiki ikawa kifuko;
kurasa za ndani zilishakwenda zamani,
na chumvi yake, mia mbili mbili.
Mke wangu huyaita milango isiyo na nyumba.
Nayalaza sandukuni na majani ya mwarobaini,
Jumamosi nayaanika, kama uyoga.

Hili nililipata Cheyo, kwa fundi saa:
msichana na mtungi, rangi mbili tu,
buluu ya wino na udongo wa njia ya Sikonge.
Jina limeliwa, imebaki "...ZI WA".
Chini pembeni, herufi ndogo: K.N.

Nikapita nalo sokoni kununua asali,
nikaliweka mezani nihesabu chenji.
Bi Nyamizi Kapalata akasahau mkono wake;
asali ikaendelea peke yake
mpaka chupa ikafurika.
"Huyu ni mimi."

Alisimama, anasema, nyuma ya kiwanda cha chapa cha misheni,
karibu saa mbili, mtungi mtupu, tena wa kuazima,
Kasanda akimkataza kucheka.
Ujira: shilingi mbili na kipande cha sabuni.
Kitabu hakupata kukisoma,
ila shemeji yake alimwambia
sura ya nne msichana anakufa.
"Miaka yote hii najiuliza: nakufa na nini?"

Nikaligeuza jalada, nikamwonyesha ndani:
gundi iliyokauka, vijia vya mchwa,
uzi mmoja wa mshonaji unaning'inia.
Sura ya nne haipo.
Haipo hata ya kwanza.

Akaifuta chupa kwa pindo la khanga, taratibu.
"Kumbe hao mchwa," akasema, "wana adabu."

Nilipaswa kumwachia.
Nilitaka; mkono ukakataa, ukalirudisha kwapani,
naye aliona, hakusema kitu,
akanidai hela ya asali iliyomwagika.

Sasa kila Jumamosi namtoa juani
na mtungi wake wa watu.